Feni ya Sufuria ya Bibi Semeni

Kilichoua feni kilikuwa mwiko.

Atuganile aliutoa tumboni mwa trekta kipande baada ya kipande, akiwa amelala chali kwenye tope la jaruba la mpunga, tochi ameiuma mdomoni. Baada ya vipande vya mti vikafuata vipande vya feni yenyewe, mapanga meusi ya plastiki, mepesi kama maganda ya karanga. Alivikusanya vyote kifuani. Alikuwa fundi wa matrekta ya Skimu ya Lyambogo tangu siku zile matrekta yalipokuwa bado yanasikiliza mikono ya watu, na hakuna kitu kilichomuudhi kama kuona kazi kubwa imesimamishwa na kitu kidogo.

"Umeona nini huko?" dada yake, Subilaga, aliuliza kutoka juu ya tuta. Alikuwa ameketi, mguu wake wa bandia ameunyoosha mbele, viatu vya kupandia vikiwa vimekauka miguuni kwa kukaa bure.

"Nimeona chakula cha mchana."

Wapandaji waliokuwa wamesimama kando ya mfereji mzima wakageuka kumtazama Bibi Semeni, mpishi wao. Bibi Semeni akajifunika uso kwa ncha ya kanga.

Hakuna aliyeweza kumlaumu peke yake, maana Lyambogo nzima walifanya hivyo hivyo. Nyuma ya kiti cha trekta, juu kidogo ya giaboksi, palikuwa na upenyo wa kutosha sufuria moja, na hewa iliyotoka pale ilikuwa ya moto kutwa nzima. Bibi Semeni alipika kabla hakujapambazuka, akafunga sufuria kwa kitambaa, akaipakia pale. Wapandaji walipoinua migongo mchana wakakuta wali na maharage vinafuka mvuke katikati ya maji baridi. Waliounda trekta huko kwao hawakuwahi kufikiri kwamba mtu anayepanda mpunga naye hupenda kula kitu cha moto. Safari hii kitambaa kililegea, mwiko ukateleza, ukapita kwenye upenyo na kushuka hadi kwenye feni inayozunguka.

"Mafuta ya giaboksi yamezidi joto," trekta likasema. Lilikuwa na sauti ya upole, sauti ya mhudumu wa hoteli. "Kazi imesimamishwa kwa usalama wako. Tafadhali wasiliana na wakala."

"Usalama wangu mimi!" Subilaga akafyonza. "Miche inazeeka kitaluni, maji yanaondoka kesho, halafu linaniambia usalama wangu."

Maji ndiyo yalikuwa roho ya habari yote. Mfereji mkuu wa Lyambogo uligawa maji kwa zamu, na zamu ya majaruba ya juu ilikuwa imeanza. Kesho jioni lango lingefungwa, maji yaende kwa wengine, na hayangerudi hadi miche iwe imerefuka na kuwa majani ya ng'ombe tu. Ardhi isiyovurugwa na haro, yale meno ya chuma yanayokokotwa nyuma ya trekta, wakati ina maji haipandiki. Kikosi kizima cha Subilaga kilikuwa na trekta moja, hili hapa, dogo la kuingia kwenye majaruba bila kubomoa matuta, ambalo walikuwa wamelibatiza Kidume. Kidume akilala kesho, nyumba zote za wale wanawake zingelala na njaa hadi mwaka unaofuata.

Matrekta ya namna ile hayana gia za kubadilisha kwa mkono. Mota huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta, na mafuta ndiyo yanayozungusha magurudumu. Ni utaratibu mzuri. Dereva anakanyaga pedali moja tu, mbele au nyuma. Lakini mafuta yanayosukumwa kutwa hupata moto, na kazi ya ile feni ndogo kama sahani, iliyokaa kwenye shafti chini ya tumbo, ni kuyapoza. Bila feni mafuta hulainika yakawa kama maji, magurudumu hupoteza nguvu, na mwishowe giaboksi huungua. Kusimama kwa trekta kulikuwa sahihi kabisa. Atuganile hakuwa na ugomvi na hilo.

Ugomvi wake ulianza alipompigia wakala kupitia spika ya trekta.

"Poleni sana," alisema Erasto Kilewo, wakala wa Kampuni ya Mkulima Mwema, kutoka mjini. "Feni hiyo ipo ghalani. Ila wilaya yenu ina foleni. Tutafika baada ya mavuno."

"Mavuno gani, Bwana Kilewo? Bila feni hakuna kupanda. Usipopanda unavuna nini?"

"Nakuelewa, dada."

"Basi nitaunda yangu. Wewe niambie tu Jicho litaikubali."

Jicho ndilo lililokuwa akili ya trekta. Lilikaa kwenye kibonge cha kioo juu ya boneti, likitazama pande zote. Mtu, ng'ombe, hata kuku akipita mbele ya magurudumu, Jicho lilisimamisha kila kitu kabla dereva hajapepesa. Na Jicho lilijua pia kila kipuri kilichomo ndani ya trekta. Kila kipuri cha kampuni kilikuwa na kijidude ndani yake, kidogo kama punje ya mchele, kinachojitambulisha. Kisichojitambulisha kiliitwa kigeni, na Jicho halikuendesha trekta lenye kigeni.

"Kipuri cha nje tunakikubali kwa sababu moja tu," Erasto alisema. "Uhai wa mtu ukiwa hatarini. Trekta limemlalia mtu, mathalani, na linatakiwa kuondolewa."

"Uhai uko hatarini. Wapo wanawake hapa, wana watoto nyumbani. Maji yakipita hawali."

"Hiyo ni hasara, dada. Siyo hatari."

Atuganile alikata simu bila kuaga. Damu ilikuwa imempanda hadi masikioni. Kuna watu, alifikiri, ambao njaa ya mwenzao wameipa jina jingine ili wapate usingizi.

*

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya mfereji. Alivisafisha vipande vya feni, akaviunganisha kwa nta ya mshumaa hadi umbo likarudi, lenye nyufa kama kigae lakini kamili. Akachanganya mchanga laini na udongo wa mfinyanzi, akaulowanisha, akaubana ndani ya fremu ya mbao, akaikandamiza feni ya nta humo ili iache chapa yake. Kilichobaki ilikuwa madini ya kumimina. Alikuwa na makopo, lakini makopo ni membamba, yanaungua na kuwa taka. Alihitaji alumini nene.

Bibi Semeni aliingia kimya, sufuria kubwa amejitwika kichwani. Ilikuwa ile ile, ya kikosi, nyeusi chini kwa masizi, midomo imepondeka kwa miaka.

"Hii hapa," alisema, akaitua mezani.

"Bibi, hiyo ndiyo sufuria yako pekee ya kulishia watu."

"Nao nitawalisha nini, kama hawapandi?" Bibi kizee alikaa juu ya tairi. "Wananitazama, mjukuu wangu. Hawasemi kitu, lakini wananitazama. Wewe iyeyushe tu."

Atuganile alitaka kumwambia kwamba kosa halikuwa lake, kwamba kosa lilikuwa la yule aliyeweka plastiki dhaifu mahali pa moto kisha akafunga mlango kwa kufuli. Badala yake alichukua msumeno, akaikata sufuria vipande, akaviweka kwenye chungu cha chuma juu ya mkaa, na Bibi Semeni mwenyewe akashika mvukuto. Alumini ililegea, ikang'aa, ikawa kama maziwa. Akaimimina. Mchanga ulifoka mvuke, wote wawili wakarudi nyuma.

Feni iliyotoka ilikuwa na makovu lakini mapanga yake yote yalikuwepo. Atuganile alitoboa tundu la katikati, akalisawazisha kwa tupa hadi likakaa kwenye shafti bila kucheza. Kisha akaitundika kwenye msumari uliolala na kuizungusha kwa kidole. Ilisimama kila mara panga lile lile likiwa chini; lilikuwa zito kuliko wenzake. Akalipunguza kidogo, akazungusha, akapunguza tena. Feni isiyo na mizani hutetemesha shafti, na shafti inayotetemeka hula beringi. Aliendelea hadi ikawa inasimama popote, kama isiyojali.

Asubuhi iliyofuata waliinua tako la Kidume kwa jeki, magurudumu yakazuiwa kwa magogo. Atuganile aliingia chini, akafungua bamba la tumboni, akalegeza boliti zinazoshika shafti na kuisogeza nyuma kiasi cha kupitisha feni. Akaivalisha, akakaza nati kwa zamu, upande huu kidogo na upande ule kidogo, isije ikakaa mshazari. Akazungusha kwa mkono. Haikugusa popote.

"Washa!"

Subilaga aliwasha. Upepo wa feni ulimpiga Atuganile usoni, wa baridi, wenye harufu ya vumbi na mafuta, na kwa muda mfupi alifurahi kama mtoto.

"Kipuri kigeni kimegunduliwa kwenye giaboksi," likasema trekta. "Kazi imesimamishwa kwa usalama wako. Je, kuna uhai ulio hatarini?"

"Ndiyo!" wapandaji wakapaza sauti kwa pamoja.

Kibonge cha kioo kiligeuka polepole, kikatazama majaruba, matuta, wanawake waliosimama na mafungu ya miche mikononi.

"Sioni mtu aliye hatarini," Jicho likasema, na mota ikazimika.

*

Kila mtu alijua njia iliyobaki. Chini ya usukani ulipita waya mmoja wa kijani. Sheria ilikuwa imewalazimisha watengenezaji wahakikishe kwamba trekta ambalo Jicho lake limekufa bado linaweza kuondolewa barabarani; kwa hiyo ukiukata waya ule, Jicho hufa, kufuli hufa nalo, na trekta hubaki chuma tupu kinachotii pedali. Kampuni ingeweza kutenganisha vitu hivyo viwili, macho ya kuona watu na kufuli la vipuri. Haikutaka. Ilivifunga kwenye waya mmoja makusudi, ili anayekata kufuli akate na macho, na akitokea mtu akaumizwa, waseme: mnaona?

Hilo ndilo lililomchoma Atuganile. Wameshika roho za watu rehani ya kipande cha plastiki.

"Kata," Subilaga akasema.

"Dada."

"Kata, nimesema. Maji yanashuka, huoni?"

Atuganile alikuwa akiutazama mguu wa bandia wa dada yake. Kabla ya Jicho, kikosi kilikuwa kikipanda mbele na nyuma ya trekta kama sasa, wameinama, vichwa chini, masikio yamejaa kelele za mota. Wakati maji ni machache hakuna anayesubiri jaruba limalizike ndipo aingie. Dereva wa siku ile alikuwa akitazama haro nyuma, kama madereva wote wanavyofanya, na Subilaga alikuwa ameinama mbele. Atuganile ndiye aliyefika wa kwanza. Kelele ile haikuwahi kumtoka.

"Unautazama mguu," Subilaga alisema. Sauti yake ilishuka. "Mguu ni wangu, Atu. Nimeshausamehe. Lakini wanangu wakilala njaa sitasamehe."

"Na huyu je?" Atuganile alimwonyesha mwanamke aliyekuwa karibu, mjamzito, mwenye fungu la miche kifuani. "Na huyu akikatwa, utanisaidia kumsamehe nani? Mimi ndiye nitakayekuwa nimekata waya, siyo wewe, siyo Kilewo. Mkono wangu huu."

Alikuwa amekasirika kiasi kwamba machozi yalimjia, na alichukia kwamba yalimjia mbele za watu. Kulikata Jicho ni uovu. Kuacha maji yapite ni uovu. Na aliyewapangia uovu wote wawili alikuwa mjini, ameketi kivulini, akisema anaelewa.

Upepo ulivuma, na juu ya kitalu makopo yakalia.

Yalikuwa makopo ya kawaida ya maziwa na nyanya, yametungwa kwenye kamba ndefu kukatiza kitalu. Kila skimu inayo. Anayeamia ndege hukaa pembeni, na kundi la kwelea kwelea likitua huvuta kamba, makopo yakapiga kelele, ndege wakaruka. Atuganile aliyasikia kila siku tangu utotoni hadi akaacha kuyasikia. Sasa aliyasikia.

Trekta lilikuwa na swichi nyekundu kando ya kiti, ya kuvuta. Ukiivuta, umeme wote hukatika na magurudumu hukamatwa palepale. Nayo ilikuwa ya sheria, haikupitia kwenye Jicho.

"Nileteeni mianzi," alisema. "Mirefu. Na hayo makopo yote."

Walifunga mianzi miwili ikatokeza mbali mbele ya boneti, na mingine nyuma ya haro. Kwenye ncha zake wakaizungusha kamba ya makopo, usawa wa paja la mtu aliyeinama, trekta zima likawa ndani ya uzio unaotembea. Mwisho wa kamba Atuganile aliupitisha kwenye tundu la fremu na kuufunga kwenye swichi nyekundu. Mtu akiguswa na kamba, popote, kamba huvutika, na swichi huvutika nayo. Kidume alionekana kama bwana harusi aliyepambwa na wahuni, na wapandaji wengine wakacheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

Kisha akakata waya. Kibonge cha kioo kilififia, kikainama.

"Nani atajaribu?" Subilaga aliuliza akiwa kwenye usukani.

Atuganile alikuwa ameshaingia kwenye jaruba. Aliinama mbele ya trekta kama mpandaji, mgongo ameupa mota, macho kwenye maji. "Njoo kwa mwendo wa kazi. Na usinitazame. Tazama haro, kama wanavyofanya."

"Atu, siwezi."

"Usinitazame, nimekwambia!"

Alisikia trekta linakuja. Magoti yalitaka kukimbia yenyewe; aliyakaza. Makopo yakalia nyuma yake, kamba ikamgonga, mwanzi ukamsukuma, akaanguka kifudifudi kwenye tope. Kelele ya mota ilikuwa imekatika. Aligeuka. Boneti ilikuwa karibu, karibu kuliko alivyopenda.

"Kamba imelegea," alisema, akitema matope. "Tunaikaza. Na mianzi isogee mbele zaidi. Halafu tunarudia."

Walirudia hadi magurudumu yakawa yanasimama kamba ikiwa ndiyo kwanza inamgusa. Hapo ndipo aliporuhusu wengine waingie.

*

Walifanya kazi kama wanaofukuzwa. Kidume alivuruga jaruba baada ya jaruba, feni ya sufuria ikivuma chini yake kwa sauti nzito kuliko ile ya zamani, na wapandaji wakamfuata na kumtangulia, makopo yakiwalilia kila walipokaribiana. Mara nyingi trekta lilizimika bure, kamba imegusa tuta au mtu amejisahau. Subilaga alirudisha swichi, akatukana kidogo, akaendelea. Atuganile aligusa giaboksi kwa kiganja kila baada ya muda. Ilikuwa ya moto, lakini ya moto wa kawaida.

Jua lilikuwa bado juu kipepeo cha kampuni kilipotokea. Kilikuwa chombo cha kurukia cha mtu mmoja, cheupe, kilichoning'inia chini ya mapanga yake na kutua kwenye tuta bila kutikisa jani. Erasto Kilewo alishuka, mtu mrefu mwenye buti nyeupe na kishikwambi kifuani.

Kwa feni, angefika baada ya mavuno. Kwa waya uliokatwa, alifika miche ya asubuhi ikiwa haijakaza mizizi.

"Nani amezima Jicho?" aliuliza.

"Mimi," Atuganile alisema. Alisimama katikati ya tuta, mikono imejaa mafuta.

"Dada, hilo ni kosa kubwa. Kuna watu shambani! Nina amri ya kulifunga trekta hili lakiri sasa hivi."

"Lango la maji linafungwa jioni. Yamebaki majaruba mawili. Subiri tumalize, ulifunge, ulibebe, ulizike ukitaka."

"Sina ruhusa ya kusubiri."

"Na ruhusa ya kuliambia Jicho liikubali feni unayo? Hapo kwenye kishikwambi chako?"

Erasto alikifunika kishikwambi kwa kiganja. Atuganile aliona shingo yake ikibadilika rangi. Kumbe ilikuwa kitu cha kubonyeza tu.

"Nina watoto na mimi," Erasto alisema kwa sauti ndogo. Akampita, akachomoa lakiri ya kampuni mfukoni, akashuka ndani ya jaruba kulielekea trekta lililokuwa likija. Aliinua mkono mmoja juu, kiganja wazi, kama alivyozoea. Maisha yake yote ya kazi matrekta yalikuwa yamesimama mbele yake. Alikuja Lyambogo kwa sababu hili lilikuwa kipofu, akatembea mbele yake kana kwamba linaona.

Subilaga alikuwa akitazama haro.

Atuganile alipiga kelele, mota ikaimeza. Alianza kukimbia, tope likamshika miguu, na katika hatua zile chache aliona kila kitu: mtu amekufa, mkono wake ndio uliokata waya, kampuni inasema mnaona, na inasema kweli.

Makopo yakalia. Kamba ilimpiga Erasto mapajani, akakaa chini ndani ya maji, na Kidume akakamatwa pale pale, ncha za mianzi zikiwa zimempita kushoto na kulia kama mikono.

Buti moja nyeupe ilikuwa ikielea.

Atuganile alifika, akamshika mabega, akampapasa miguu yote miwili kabla hajamwambia neno. Mizima. Ndipo alipomfokea. "Ulidhani linakuona? Wewe! Wewe uliyekuja kutuambia halioni!"

"Sikufikiri," Erasto alisema. "Husimama. Siku zote husimama." Alitazama makopo yaliyokuwa bado yakicheza mbele ya pua yake. "Limesimamishwa na nini?"

"Makopo ya ndege," alisema Subilaga kutoka kwenye kiti. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, akilia waziwazi.

Wapandaji walikuwa wamekuja wote. Erasto alipangusa tope kwenye kishikwambi chake. "Unganisha waya," alisema.

Atuganile aliingia chini ya usukani, akaunganisha. Kibonge cha kioo kiliwaka, kikainuka.

"Kipuri kigeni kimegunduliwa. Je, kuna uhai ulio hatarini?"

"Ulikuwepo," Erasto alisema, akabonyeza.

"Uhai wa nani?"

"Wangu. Erasto Kilewo, wakala."

Jicho halikugeuka kumtafuta, wala halikuuliza la ziada. "Pole sana, Bwana Kilewo," likasema, kwa upole ule ule. "Kipuri kimekubaliwa. Kazi njema."

Mota ikaamka yenyewe. Wa kwanza kusema alikuwa Bibi Semeni.

"Kumbe linajua kusema pole," alisema.

Erasto hakuinua macho. Alienda kuokota buti yake, akapanda kwenye tuta, akarudi na boksi dogo la kadibodi kutoka kwenye kipepeo. "Chukueni," alisema. "Ni feni mpya. Ya kampuni yenyewe."

"Ulikuja nayo?" Atuganile aliuliza.

"Kila wakala anatembea nayo."

Alilipokea boksi. Mikono ilimwasha kumpiga nalo usoni. Hakumpiga, kwa sababu muda mfupi uliopita aliipapasa miguu ya mtu huyu akimwomba Mungu iwe mizima. Alilifungua. Feni ilikuwa nyeusi, nzima, mapanga yake hayana ufa hata mmoja.

"Hii sitaifunga," alisema. "Ila itaacha chapa nzuri kwenye mchanga. Skimu hii ina matrekta mengine, na nyumba nyingi zina sufuria mbovu. Kaandike hivyo huko kwenu."

Lakiri ilikuwa bado mkononi mwa Erasto. Aliirudisha mfukoni, ikiwa imelowa.

Jaruba la mwisho lilikuwa linasubiri, na maji yalikuwa yameanza kuacha alama nyeusi kwenye kingo za matuta. Wapandaji waliokota mafungu yao. Subilaga alijifuta uso kwa mkono wenye tope, akazidi kujichafua, akauliza kama wayafungue makopo sasa, maana Jicho limerudi.

"Yaache," Atuganile alisema.

Akasogea pembeni. Kibonge cha kioo kiligeuka, kikaitazama mianzi na kamba.

"Kuna kitu kigeni mbele ya trekta," Jicho likasema. "Tafadhali kiondoe."

Hakuna aliyekiondoa. Subilaga akakanyaga pedali, makopo yakaanza kulia, na wanawake wakainama kupanda.